Aliyetuuzia Saksafoni Bado Anakuja Kuifuta

Jina langu lifichwe, na la mjukuu wangu pia. Nina miaka sitini na mitatu, nimezaliwa hapa hapa Gisenyi, nauza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, sokoni. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke sasa amalize, halafu anisikilize, maana nimechoka.

Mjukuu wangu ni binti wa miaka ishirini. Katika nyumba yetu yote, vita na yaliyofuata vimeacha yeye na mimi tu. Alijifunza saksafoni katika bendi ya kanisa, hadi ile ya kanisa ikaporwa. Mwaka huu hoteli moja ya ufukweni ikamwambia kazi ipo, ila aje na chombo chake. Tukasikia kuna mzee Goma anauza yake, si ya kujifunzia, ni ile ya wapiga muziki wenyewe. Tukavuka mpaka.

Jamani, kitu kilikuwa kimetunzwa kile! Amekifunga ndani ya blanketi la mtoto mchanga. Mjukuu wangu akaingiza tochi ndani, akabonyeza vifuniko kimoja kimoja aone kama mwanga unavuja. Hauvuji. "Bibi, hii ni kama mpya!" Nikamfinya anyamaze, bei isije ikapanda.

Mimi muziki siujui. Lakini kwetu anayekupa pombe huvuta mrija yeye kwanza, ujue hakuna sumu. Nikamwambia, "Mzee, tia mdomo wewe kwanza." Akakataa. Nikamfokea, "Unaniuzia kitu unachokiogopa?" Ndipo akapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi mgonjwa, mate yakamchuruzika kidevuni. Meno ya mbele hana hata moja.

"Nani alikung'oa?"

"Acha tu, mama. Mi naomba kitu moja: nikuwe nakuja kuipanguza."

Nikasema njoo, nikidhani ni maneno ya kuagana. Kumbe! Kila Jumamosi huyo hapo mlangoni na kitambaa chake. Anafuta, anapaka mafuta kidogo pale shingoni, anamfundisha binti kuvuta pumzi ya tumboni. "We mutoto, unapuliza kama mutu anazima mushumaa!" Anacheka mwenyewe, pengo wazi. Sasa mjukuu wangu anapiga hadi wageni wa hoteli wanaacha kula. Anamwita babu. Tangu azaliwe hajapata mtu wa kumwita hivyo.

Lakini hali ya usalama huku mnaijua. Juzi kiongozi wa mtaa wetu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akaja akajikalisha kwenye benchi langu bila kukaribishwa.

"Mukecuru," akaniita, yaani bibi kizee, "huyu mzee wa ng'ambo ni nani?"

"Ni fundi wa saksafoni."

"Sikuulizi kazi. Wakati wa vita alikuwa wapi, na kina nani? Uko tayari kumdhamini? Akitokea kuwa mtu mbaya, tutaanza na nyumba hii."

Mzee alipokuja nikamuuliza bila kuzunguka. "Wakati ule ulikuwa unapigia wapi muziki?"

Hakuacha kufuta. "Nilipigia kila mutu aliyeniita, mama."

"Kina nani? Nijibu, mimi si mtoto."

Akaacha kufuta. Kisha akasema, "Bon. Kama hutaki nikuje, niambie tu." Akainamia kitambaa chake.

Jirani yangu ananiambia mtu mwenye mkono mpole hivyo hawezi kuwa na ubaya. Asinifundishe mimi. Nimeona watu waliopiga pasi mashati yao vizuri, wakatoka nyumbani wakaenda kufanya nisiyotaka kuandika hapa. Na nimeona wasio na kosa lolote waking'olewa meno. Huyu ni yupi kati yao? Ninachokijua juu yake ni namna anavyotunza kitu, basi.

Nikimfukuza, mjukuu wangu ameapa hataigusa tena hiyo saksafoni, na kazi itapotea. Nikimdhamini, ninayemweka rehani si mimi peke yangu, ni huyo mtoto, na sina mwingine. Kiongozi anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Ninyi mnaosoma, msiniambie nisali, nasali kila siku hadi magoti yanauma. Niambieni wazi: ingekuwa mlango ni wenu, mngemfungulia?