Makanisa ya Kasiani

Simu ilipolia, Genoveva alikuwa amepiga magoti kwenye jamvi la mama Leonardi, fumbo la tatu la rozari, na hakuipokea. Jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa ilikuwa imekutana kama kila Jumanne jioni, na yeye ndiye katibu. Katibu hatoki nje katikati ya sala. Alichungulia tu kioo cha simu, akaona jina la mdogo wake Kasiani, moyo ukafurahi kidogo. Kasiani kwa kawaida hupiga Jumapili. Akadhani ana jambo jema la kusema, limemshinda kungoja.

Sala ilipokwisha alitoka uani akampigia. Sauti iliyopokea haikuwa ya Kasiani.

"Dada, mie naitwa Mbwana, nafanya naye kazi huku machinjioni Vingunguti," ilisema. "Pole sana, dada. Mwenzetu ametutoka. Alianguka asubuhi tukiosha sakafu, tumefika hospitali wakatuambia tumeleta mwili."

Genoveva alishukuru, kama mtu aliyeletewa salamu. Akarudi ndani, akakaa mahali pake, akafungua daftari na kuandika majina ya waliohudhuria, mmoja baada ya mwingine. Alipofika la saba kalamu ikakataa kwenda. Ndipo akawaambia wenzake.

Sumbawanga na Dar es Salaam ni mbali, na wazee wa ukoo waliamua Kasiani azikwe huko huko aliko. Wazazi wamekufa, mke hakuoa, ndugu wa tumbo moja ni Genoveva peke yake. Mbwana na wenzake walishapanga mazishi Ijumaa saa tisa, wakitoka msikitini, maana karibu wote pale machinjioni ni Waislamu. Walimwachia jambo moja tu: padre.

Kwake hilo halikuwa la kuumiza kichwa. Mkatoliki huzikwa na jumuiya yake. Mwenyekiti huandika barua, katekista huipeleka kwa padre, misa inasomwa. Asiye na jumuiya hana wa kumwandikia. Katika miaka ishirini na mitatu ya ukatibu wake, Genoveva alikuwa ameona watu watatu wakizikwa bila padre kwa sababu majina yao hayakuwa kwenye daftari lake, naye akaona ni sawa. Aliyemkimbia Mungu akiwa mzima, aliwahi kumwambia mjane mmoja, asitulazimishe tumbebe akishakufa. Kasiani hakuwa wa namna hiyo. Kila Jumapili kwa miaka ishirini na moja alikuwa akimpigia kumsimulia misa.

Basi liliondoka Jumatano alfajiri. Mbeya akapanda mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye vikapu viwili vya parachichi, akakaa pembeni yake. Aliitwa Somoe, mzaliwa wa Kinondoni, alikuwa akitoka kumwona mjukuu aliyezaliwa kwa binti yake Munira. Hadi Makambako alikuwa amesimulia uzazi wote. Iringa akautazama mkate uliokuwa mapajani mwa Genoveva tangu Sumbawanga.

"Shoga, huo mkate umeushika kama mtoto," akasema. "Nani amekufa?"

Genoveva akamweleza. Somoe alimenya chungwa, akampa nusu, akahakikisha amelila. Waliposhuka Alhamisi kukicha, alimpigia mumewe kumwambia aje achukue vikapu, yeye ana safari nyingine. Mume akauliza safari gani tena. Akajibiwa: ya kanisani.

Katekista wa parokia ya karibu na chumba cha Kasiani aliitwa Daniel, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliitikia "Milele amina," akawapa viti, akafungua daftari la waamini mtaa kwa mtaa. Kasiani hakuwamo. Akauliza jumuiya ya marehemu ni ipi. Genoveva akafungua mdomo, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui. Miaka ishirini na moja ya kusimuliwa misa, na yeye, katibu, hakuwahi kuuliza jina la jumuiya.

Daniel alisema padre hawezi kumzika mtu asiyejulikana na jumuiya yoyote, lakini kama alikuwa akisali mahali pengine, walete barua ya mwenyekiti wa huko kabla ya saa kumi na mbili jioni. Alisema taratibu, bila ukali. Maneno yalikuwa yale yale ambayo Genoveva huyasema nyumbani, hata pale pa kushusha pumzi.

Nje Somoe akamwuliza hayo makanisa aliyokuwa akisimuliwa yalikuwaje. Yakaanza kurudi. Kulikuwa na la Temeke, ambako padre mzee huhubiri ameketi kwa sababu ya magoti. La Msasani, ambako kwaya ina tarumbeta. La Kibamba, jipya, lililoezekwa nusu, mvua ikinyesha waamini husogea upande mmoja. Genoveva alikuwa akidhani mjini watu hutembeleana, jumuiya kwa jumuiya, na Kasiani yumo katika msafara.

"Basi tunaanza Temeke," Somoe alisema. "Makanisa mie siyajui, ila njia nazijua."

Temeke walimkuta mama akideki kati ya mabenchi. Padre wa magoti yupo, alisema, ila amekwenda kwa daktari. Jina la Kasiani hakulijua. Genoveva akamwonyesha picha kwenye simu. Mama akaweka dekio chini.

"Huyu ni mgeni," akasema. "Hukaa pale nyuma. Kwenye matangazo wakisema wageni wasimame tuwaone, husimama."

Ni mgeni wa lini, Genoveva akauliza. Yule mama akafikiri. Mwaka huu alikuja, na mwaka jana pia. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeanza kushangaa, kwamba hata wakati binti yake anapata komunyo ya kwanza alikuwepo, na binti sasa ana watoto.

Msasani kwaya ilikuwa mazoezini. Mpiga tarumbeta mmoja, Isack, aliitazama picha akacheka. Wanamfahamu sana: mgeni wa Sumbawanga. Husimama, hukunja kofia mkononi, husema naitwa Kasiani, natokea Sumbawanga, nimepita tu kusali nanyi. Kanisa zima humpigia makofi matatu, akina mama humpigia vigelegele, na baada ya misa wageni hupewa soda pale chini ya turubai. "Tulikuwa tunataniana, huyu braza safari yake haiishi?" alisema Isack, kisha akauona uso wa Genoveva, akaomba radhi, akashusha tarumbeta.

Adhuhuri ilimkuta Somoe njiani. Waliingia kwenye msikiti mmoja mdogo, yeye akaenda kutawadha upande wa wanawake, Genoveva akabaki barazani. Mzee mmoja alimletea kiti bila kumwuliza lolote, akaenda zake. Genoveva akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuwa na la kufanya. Akamwona mdogo wake akivaa shati lake la Jumapili katika chumba kile cha Vingunguti, akichagua kanisa ambalo halijamwona siku nyingi. Dakika moja ya makofi. Halafu jioni ampigie dada yake amsimulie tarumbeta.

Somoe alitoka akiwa anafunga mtandio. "Makanisa matatu kabla ya alasiri," alisema. "Leo mume wangu atanisomea dua." Kisha akaona hali ya mwenzake, akamshika mkono, wakaendelea hivyo hivyo, wameshikana, hadi Kibamba.

Kanisa la Kibamba lilikuwa limekwisha kuezekwa. Mwenyekiti wa jumuiya ya jirani aliitwa Monica, mwalimu, walimkuta akisahihisha madaftari ya wanafunzi kibarazani. Alipoiona picha hakusema mgeni.

"Kasiani," alisema. "Karibuni ndani."

Alieleza kwamba miaka kama sita iliyopita Kasiani alikuja jumuiyani kwao Jumamosi tatu mfululizo, alfajiri, kutoka Vingunguti kote huko. Alibeba viti, alisoma somo. Ya tatu akaomba aandikwe. Monica akamwambia utaratibu ni kuleta barua ya utambulisho kutoka jumuiya ya nyumbani alikotoka.

"Akasema hakuna shida, dada yake ndiye katibu, barua inakuja," Monica alisema. "Hakurudi tena. Niliona aibu kumtafuta, nikadhani labda mbali kumemshinda. Wewe ndiye dada?"

Genoveva alisema ndiye.

Barua aliikumbuka. Kasiani aliiomba mara mbili: mwaka wa kwanza alipofika mjini, na mara nyingine miaka sita iliyopita, kwa simu, akicheka kidogo kama anayeomba kitu kikubwa. Mara zote mbili alimjibu kwamba barua haitumwi, mwenyewe hufika kuichukua, ndivyo sheria ya jumuiya ilivyo, na hawezi kumpendelea mdogo wake watu wakasema. Alitaka pia aje nyumbani, ndiyo kweli yake. Alidhani barua itamleta.

Aliyasema haya kwa sauti mbele ya wanawake wawili asiowajua juzi. Somoe ndiye aliyejibu.

"Ulimtaka aje," alisema. "Naye alitaka umwandikie. Mlikuwa mnaitana tu nyie."

Monica aliandika alichokijua, bila kuongeza: kwamba Kasiani alisali nao mara tatu na aliomba kuandikwa. Genoveva naye aliomba karatasi. Akaandika barua ya utambulisho, mstari kwa mstari kama alivyowaandikia wengine: ubatizo, komunyo, kipaimara, tabia njema. Akaweka tarehe ya siku hiyo, maana hakuweza kuandika nyingine, akatia sahihi.

Saa kumi na moja na nusu Daniel alizisoma zote mbili akiwa amesimama. Akaingia kwa padre, akakaa kitambo, akatoka. Padre anatoa pole, alisema. Atamtaja marehemu kwenye nia za misa ya Jumapili. Lakini barua ya Monica haisemi alikuwa wao, na hii nyingine humtambulisha aliye hai.

"Ni kweli," Genoveva alisema. Hakumbishia. Aliuliza tu kama ndugu wanaruhusiwa kusali wenyewe kaburini. Daniel akasema wanaruhusiwa, akaingia tena ndani, akamletea kitabu chake cha ibada ya mazishi akamwazima.

Kasiani alizikwa Ijumaa saa tisa na nusu. Walikuwapo Mbwana na wenzake kumi na mmoja wa machinjioni, mwenye nyumba, Monica aliyeomba ruhusa shuleni, na Somoe. Mwili ulitoka hospitali moja kwa moja. Jeneza lilifunguliwa kidogo usoni, Genoveva akamtazama. Walikuwa wamemnyoa ndevu na shati lilikuwa jeupe. Alisoma sala kutoka kwenye kitabu cha Daniel. Pale pa kujibu alijibu Monica peke yake, wengine wakainamisha vichwa. Alipofika mahali pa kutaja jina alilitaja lote, Kasiani Mwanisawa, mwana wa Leokadia.

Akina Mbwana waliteremsha jeneza kwa kamba. Genoveva alitupa udongo mara tatu, akarudi nyuma, nao wakafukia kwa zamu hadi kikawa kichuguu. Mwenye nyumba alichomeka msalaba wa mbao wenye jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Somoe alimwaga maji juu ya udongo ili utulie. Wakasimama kidogo, kisha Mbwana akasema jua linakwenda, wakatoka.