Kisima Alichochimba Baba

Mama yangu hakuamini maji ambayo hayajaona moto. Kipindupindu kilipopita kwetu Lac Vert, yeye ndiye aliyewafunza majirani: yatokote, yapoe, ndipo mnywe. Hakuna mwanawe aliyeugua. Kwa hiyo wapimaji walipokuja na vichupa vyao, wakasema kisima chetu kina fluori, madini ya mawe ya volkano yanayoharibu meno na kukaza mifupa, aliwacheka. Siku hiyohiyo akaanza kuchemsha mara mbili.

Mimi ndiye niliyemweleza kwamba moto hauyafukuzi madini hayo. Maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki sufuriani. Alinuna wiki nzima, na simlaumu. Meno yetu ya kahawia tulikuwa tumeyaita meno ya ukoo. Magoti yake, yasiyokunjika tena kanisani, tulisema ni uzee.

Tangu hapo kila Jumamosi natoka Himbi, ninakoishi, kwa pikipiki na bidoni mbili za maji salama, yake na ya mjukuu anayemlea. Nasema kweli, siyapendi maji yale. Nayatamani ya nyumbani, baridi yake na uzito wake kwenye ulimi. Natamani kumwona marehemu baba akitoka kwenye shimo la kisima na vumbi jeusi kwenye nyusi, baada ya kutwa nzima ya kupasua mawe kwa nyundo. Nikishika glasi kazini, namkumbuka.

Jumamosi iliyopita nilifika mapema, nikakuta bidoni moja bado imejaa. Mama alikuwa amekaa kando ya kisima na kikombe chake cha bati. Ndoo ilikuwa inadondosha maji.

"Mama, unakunywa nini?"

"Ile ya bidoni iko ya mutoto na ya bageni," alisema. "Miye nilisha kuwa muzee. Itanifanya nini tena?"

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mzazi, mbele ya mjukuu. Halafu akanywa funda moja, nikaona alivyofumba macho, na hasira ikaniisha. Nikachuchumaa, nikanyoosha mkono.

"Basi unipe na miye kidogo."

Alifunika kikombe kwa kiganja.

"Apana. Weye uko na miguu ya kutembea. Hii iko yangu na papa yako."

Kisha akainuka kwa shida, akanimiminia maji ya bidoni, akasimama mbele yangu hadi nikayamaliza.