Poda Iliyonuka Kanyanga

Mimi Sophie, muuza maharagwe sokoni Butembo, nina diploma ya biokemia, na huitaja hata pasipo na aliyeuliza. Ndiyo iliyoniponza.

Siku wakwe walipokuwa wakija kutoka Beni kuniona, poda yangu ya uso, ile iliyoshindiliwa ikawa kama kigae, ilianguka kwenye sementi ikavunjika vipande. Kwa mwanamke mwingine hiyo ni hasara ndogo. Mimi mashavu yangu yana madoa meusi, zawadi ya sabuni za kujichubua nilizozipenda ujana wangu, na niliamini kwamba Josaphat, mchumba wangu, hajawahi kuyaona. Niliogopa sana. Akiyaona mbele ya mama yake, nilijiambia, ndoa imekwisha.

Video ya simu ilisema: saga, tia alkoli, kandamiza, acha ikauke hadi kesho. Famasi ilikuwa chini ya kilima, njia nzima tope. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji ya jirani yangu Maliro, ilikuwa nyuma ya ua. Alkoli ni alkoli, alisema mwanabiokemia. Nikamimina, nikakandamiza kwa kitako cha glasi, nikaikausha kando ya makaa wakati wali unaiva. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini wakwe walikuwa tayari njiani. Poda ikatoka laini, nikajipongeza kwa sauti, nikapaka tabaka mbili.

Mama yake Josaphat, Mama Kahongya, ni shemasi katika kanisa ambako pombe haitajwi. Kwetu tunasalimiana shavu kwa shavu, mara tatu. La kwanza alitabasamu. La pili akanusa. La tatu hakulitoa.

«Binti, unakunywaka?»

«Hapana, mama! Ni poudre.»

«Poudre gani inanuka kanyanga?»

Nikaanza kueleza mambo ya mvuke, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mlevi. Shangazi yangu Victoire akafanya ishara ya msalaba.

«Kama ni poudre,» akasema Mama Kahongya, «enda kunawa, urudie hapa nikunuse.»

Nilinawa huku nalia. Nilipaswa kuchagua: mlevi au madoa. Nikarudi uso mtupu, nikampa shavu mbele ya kikao kizima. Akanusa, akanusa tena.

«Aksanti Mungu. Harufu hakuna.»

Nikajikaza nimtazame Josaphat. Alikuwa anakula karanga.

«Na ma tache yangu?» nikauliza, nikiyagusa madoa mashavuni.

«Zile?» akajibu mama yake. «Josaphat alituambiaka zamani. Alisema: musiziangalie, anajifichaka, atasikia haya.»

«Lakini ulizionea wapi?» nikamgeukia Josaphat.

«Chérie, mvua ilitupigaka mara ngapi ku pikipiki, poudre yote inashuka?»

Miaka miwili mizima sikuwahi kumfungulia mlango bila kujipaka, nikiilinda siri yangu. Kumbe ukoo mzima wa Beni ulikuwa unanisaidia kuilinda.