Lafudhi Nzito ya Shangazi

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kumwombea radhi shangazi yangu. Mwandishi wa gazeti, mtu wa bara, alikuwa amekuja kutoka Dar kuandika habari za viboko wanaomaliza mpunga wetu bondeni, upande wa Chumbi, na mimi ndiye niliyempeleka shambani. Uandishi nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwa magazeti ya kufungia vitumbua na simu iliyopasuka kioo, na nilitaka sana anione mtu wa maana. Shangazi alipoanza kueleza, nikamwinamia yule bwana nikamwambia, "Msamehe, lafudhi yake nzito kidogo." Akaandika hapohapo. Nilimwona akiandika, nikafurahi.

Shangazi alizungumza karibu asubuhi nzima. Alimwonyesha mpunga uliokanyagwa, akampandisha kwenye dungu analolala kulinda shamba, akamtajia mahali pote wanapopitia wale wanyama, na akamweleza jinsi alivyowaomba askari wa wanyamapori waje, mara ngapi, bila kumwona hata mmoja. Habari ilipotoka, viboko walipewa mistari michache. Aya nzima ilikuwa ya mdomo wake. Iliandikwa kwamba mama huyo anasema kwa lafudhi nzito ya Kindengereko, kama mtu anayetafuna wali wa moto.

"Nzito" lilikuwa neno langu. Wali wa moto aliuongeza mwenyewe.

Ukurasa ule ukapigwa picha, picha ikazunguka kwenye simu za kijiji kizima. Vijana wa kijiweni wakambandika shangazi jina la Wali wa Moto. Siku ya mkutano wa kijiji alisimama kuwaeleza watu wa wilaya juu ya viboko. Hakufika mbali, sauti ikatoka nyuma: "Meza kwanza, mama." Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Shangazi akaketi. Mikutano iliyofuata alikuwa anakuja, anakaa, anaondoka, na katika kijiji chetu hakuna anayezijua njia za viboko kumzidi yeye.

Kinyongo nilikitunza kama mbegu ya msimu ujao.

Msimu ukafika. Yule bwana wa gazeti aliletwa Kibiti kutufundisha vijana tunaoandika. Niliposikia, niliandaa aya moja juu yake, nikaifuta na kuiandika upya mpaka nikaumwa kichwa. Sikutaka hata koma moja impe pa kutokea. Mwisho wa mafunzo akasema mwenye kazi yake aje aisome mbele. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Nikasoma: "Mwalimu wetu ni mtu wa bara, na Kiswahili chake kimekuja pwani kwa miguu. Kila neno analitua chini kama gunia la viazi, kisha anapumzika kabla ya kubeba lingine."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwenzetu mmoja wa mafunzo, muuguzi, naye mtu wa bara, aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. Nilimwona, na nikaendelea kusoma. Yule bwana alijaribu kutabasamu, akapangapanga karatasi zake. Alipofungua mdomo kunishukuru akawa anachagua neno mojamoja, na kila alipolitamka wakacheka upya. Nasema kweli, sijawahi kuonja kitu kitamu kama dakika zile. Mpaka leo nikizikumbuka nalala vizuri.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi kumpelekea zawadi yake. Alikuwa anapepeta mchele. Nilimsimulia yote, nikamwigizia hata sauti ya yule bwana. Alinisikiliza mpaka mwisho, na ungo haukusimama.

"Watu wa wilaya walikuwepo?" akauliza.

Nikamwambia walikuwepo wawili, safu ya mbele kabisa.

"Wakakusikiliza?"

"Sana, shangazi. Walicheka mpaka wakafuta machozi."

"Ukawaambia habari ya viboko?"

Sikuwa nimewaambia. Watu aliowatafuta muda wote ule nilikuwa nao mbele yangu, wananisikiliza mimi, na kipaza sauti nimekishika, nami nikazungumzia mdomo wa mtu. Yeye hakunigombeza. Alipuliza makapi, akaniomba nisogee, nimemzibia upepo.

Ilinichukua siku kadhaa kumrudia. Alikataa kusema kwanza, akaniambia yeye si wa kuandikwa. Nilimwahidi kwamba sitagusa sauti yake. Ndipo akanitajia njia za viboko moja baada ya nyingine, nikaziandika zote na kuzipeleka wilayani na magazetini.

Tangu hapo sijaeleza lafudhi ya mtu yeyote katika habari zangu. Askari wa wanyamapori wamekwishafika shambani mara mbili. Shangazi bado hasimami mikutanoni. Akiwa na neno hunipa mimi, nami husimama kulisema kwa niaba yake. Yule bwana sijamsamehe.