Aliyechelewa Lori

Mimi si mtu wa kuona majini. Nimeokoka, pombe sinywi, na miraa naiona tu kwa marafiki wa Kangeta. Kwa hivyo ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya niliyaona kwa macho yangu. Mashahidi ninao wawili, ingawa mmoja wao akiulizwa siku hizi hubadilisha mazungumzo.

Ilikuwa Desemba, kule Kibugu, juu kabisa ambako mashamba ya chai yanapakana na msitu wa mlima. Tulikuwa watatu: mimi, Mukami ambaye ni mwalimu wa jiografia, na Njeru, fundi wa simu mjini Embu. Wengine wana timu zao za mpira, sisi tulikuwa na nyota. Kila Desemba vimondo vinapoanza kudondoka kwa wingi, tulibeba mikeka, mablanketi na chupa ya chai, tukalala chali nje kama watu waliofukuzwa nyumbani. Safari hii pahali nilichagua mimi: kituo cha zamani cha kupimia majani chai, chini tu ya boma letu.

Kwa nini pale? Kwa sababu pale ndipo nilipozijua nyota. Zamani mvua ikiharibu barabara, lori ya kiwanda ilikwama huko chini, nasi tukaingoja na majani yetu mpaka usiku. Mama alinilaza juu ya magunia, akanionyesha Kilimia na zile nyota tatu zilizojipanga. Na nyota ikidondoka, kila mara alisema, "Huyo naye amechelewa lori," na wanawake wote wakacheka, hata kama utani huo wameusikia tangu mwaka juzi. Nakumbuka majani yakianza kupata joto chini ya mgongo wangu, na harufu yake. Ningeambiwa nichague pahali pamoja pa kurudi duniani, ningerudi juu ya gunia lile.

Lakini Desemba hiyo mama alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, kituo kilikuwa kimefungwa, na mimi nilikuwa nimeamua kung'oa michai yake. Asubuhi ya kesho yake vijana walikuwa waje na majembe, nipande avokado. Usiniangalie hivyo. Naishi mjini, na shamba lilikuwa limekaa bila mchumaji mpaka machipukizi yakanifika kifuani.

Basi tukalala chali, na mawingu nayo yakalala juu yetu.

"Aki hii mlima haina huruma," Njeru akasema. "Tumetoka Embu yote hiyo kuja kuangalia blanketi?"

"Ngoja tu," Mukami akamjibu. "Upepo ikianza, hiyo kitu inaweza songa."

"Inaweza? Si wewe ndio mwalimu? Sema itasonga ama haitasonga."

Hapo tukasikia hatua kwenye changarawe. Tochi yetu tulikuwa tumeifunga karatasi nyekundu, maana mwanga mweupe huharibu macho ya kutazama nyota, kwa hivyo sura sikuiona vizuri. Niliona mwanamke mzee mwenye leso, kikapu cha majani chai mgongoni, na mkanda wa kikapu uliomchimba shimo kwenye paji la uso. Nani huchuma chai usiku? Swali hilo lilinijia baadaye. Wakati ule nilijikuta nimeshasimama, kwa sababu kwetu tulifundishwa kwamba mtu mwenye mzigo haulizwi kitu: unamtua kwanza. Nikamtua. Kikapu kilikuwa kizito, na majani yalikuwa na umande.

"Lori imepita?" akauliza kwa Kiembu.

"Cucu, hapa lori haikuji tena," Mukami akamwambia kwa upole, kama mjukuu anavyomwambia bibi yake. "Siku hizi inapita barabara ya juu."

Mzee yule akakitazama kikapu. Kisha akauliza taratibu, bila lawama yoyote, "Kwa hivyo haya yataozea kwa kikapu?"

Niamini, swali lile lilinichoma. Sijui hata kwa nini nilijibu mimi.

"Hayataoza," nikasema. "Wacha hapo. Nitayapeleka mimi."

"Utapeleka?"

"Nitapeleka."

Akashusha pumzi ndefu. Upepo ukaja kutoka msituni, mawingu yakafunguka juu yetu, na kimondo kikapita, kirefu na cheupe, mpaka Njeru akapiga ukelele. Sote tulikuwa tumeinua vichwa. Na nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, nikasikia:

"Huyo naye amechelewa lori."

Utani ule sikuwa nimewahi kuwasimulia wenzangu, na wote wawili waliusikia. Nikageuka. Hapakuwa na mtu wala kikapu. Niliita "Mama!" kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu utotoni. Njeru tayari alikuwa anakunja mkeka wake. Mimi nililala pale pale nikalia, na vimondo vikaendelea kudondoka. Woga sikuwa nao hata kidogo. Nilikuwa na hamu naye tu.

Kulipokucha tukapanda bomani. Vijana walikuwa wamefika, lakini majembe yalikuwa chini. Walikuwa wamesimama kando ya mti wa mukima, pale mama alipozoea kuanzia kazi, wakitazama mstari wa kwanza. Ulikuwa umechumwa wote, umesawazishwa kama meza. Mwisho wa mstari kulikuwa na kikapu cha mama, kimejaa. Kikapu hicho hukaa pembeni jikoni, na kuku wa jirani alikuwa amekifanya kiota. Nikakimbia jikoni. Mayai yalikuwa yamepangwa sakafuni juu ya nyasi kavu, na hakuna lililopasuka.

"Ni wezi wa majani," Njeru akasema haraka. "Hao huchuma usiku."

"Mwizi anaparuranga kila kitu," kijana mmoja akamjibu. "Cheki hii. Majani mawili na chipukizi, mstari mzima. Na mwizi gani anaacha kikapu?" Akanigeukia. "Sasa boss, tuanzie wapi kung'oa?"

Nikawaambia warudi nyumbani. Ningefanyaje? Nilikuwa nimeshasema nitayapeleka. Nikavaa mkanda kichwani kama mwanamke, mimi mwanamume mzima, nikapanda mpaka barabara ya juu, watu wakinicheka njia nzima.

Michai ipo mpaka leo. Kila Jumamosi natoka mjini kwenda kuichuma. Njeru hakurudi tena Kibugu kukiwa na giza, lakini Mukami huja kila Desemba, mawingu yawepo yasiwepo. Nyota ikidondoka, mimi ndiye ninayesema yale maneno, kisha nasikiliza. Hakuna aliyewahi kunijibu.

Basi nawe, ukikutana gizani na mtu mwenye mzigo, mtue. Huo ni utu. Lakini kabla hujamwahidi kitu, fikiri vizuri, kwa sababu utakibeba. Shika hapa kwenye paji langu la uso. Umelisikia hilo shimo?