Shangazi na Jiko la Chumbani

Shangazi yangu alikuja kunitembelea mwezi wa saba, wakati ambao hata sisi tunaoishi juu ya milima ya Uluguru tunauvumilia tu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko. Nilikuwa nimemtumia salamu mapema: aje na sweta zito na soksi. Akaja na kanga na kandambili.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na mitumba imejaa sokoni Morogoro. Nilipompokea stendi nikampitisha kwenye marundo ya makoti. Akarudisha mikono nyuma.

"Mimi nivae kafa Ulaya? Nguo ya maiti?"

"Shangazi, huko juu baridi ni kali."

"Baridi gani, Tanzania hii?"

Kesho yake ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Shangazi akatetemeka, akailaumu nyumba, akalaumu bati, akaulaumu mlima wenyewe. Nikampa blanketi langu na uji wa moto, nikamwashia jiko la mkaa kwenye kibanda cha kupikia, mlango wazi.

"Ota moto hapahapa," nikamsihi. "Usiliingize chumbani ukajifungia. Moshi wake huuoni, lakini unaua."

"Nimepikia mkaa kabla hujazaliwa."

Nikaenda kufundisha. Kabla ya saa ya mapumziko, mama jirani yangu akatokea dirishani mwa darasa, anahema.

"Mwalimu, mgeni wako nimemgongea, haitiki!"

Tulikimbia. Mlango wa chumba chake ulikuwa na komeo kwa ndani, na dirisha limezibwa kwa magunia. Tukausukuma kwa mabega mpaka komeo likang'oka. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, mkaa umeiva vizuri, na shangazi amelala kando ya kitanda, mate yanamtoka.

Tukamburuta nje kwenye manyunyu. Jirani akamlegeza nguo. Mimi nikawa namwita, nalia kwa hasira. Hatimaye akavuta pumzi ndefu, akatapika, akashika kichwa.

"Mbona mmenileta nje kwenye mvua?" akauliza.

Jirani ndiye aliyemjibu: "Mama, tungechelewa kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunakulilia."

Vijana wakambeba kwa machela mpaka zahanati. Mganga alimlaza mpaka jioni, na kabla ya kumruhusu akamweleza habari ya mkaa na chumba kilichofungwa, yaleyale niliyomwambia mimi, karibu neno kwa neno. Shangazi akainamisha kichwa kwa adabu. "Asante, daktari. Laiti mtu angeniambia mapema."

Tuliporudi nyumbani niling'oa mlango wa chumba chake kwenye bawaba zake, nikatundika shuka.

"Nyumba gani hii haina mlango?" akanung'unika.

Ya mtu mwenye shangazi kama wewe, nikajibu moyoni. Kwa mdomo nikasema, "Nisamehe, shangazi," nikaenda kumkandia miguu kwa maji ya moto.