Mama Kifuniko na gari lililosimama dakika kumi na moja

Saa saba na dakika kumi mchana. Jua limewaka hadi zege la kituo cha mafuta linachoma kupitia soli za viatu. Kwenye pampu namba tatu limesimama gari moja refu la kijivu, na nyuma yake limeandikwa TURBO kwa herufi zinazong'aa. Foleni imeshafika magari sita.

"Dizeli. Jaza," anasema dereva bila hata kugeuza shingo.

Mhudumu hajazi. Anazunguka upande wa pili, anafungua kifuniko cha tangi na kuinama. Pale ambapo hubandikwa kikaratasi cha kuonyesha aina ya mafuta, pamepigwa rangi upya. Hakuna kitu. Anainuka, anamwomba dereva kwa upole awashe swichi ili aione ile saa ya mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Dereva anamtazama kana kwamba ameombwa avue shati.

"Dada, dereva wa gari hili ni mimi au wewe?"

Hapa kituoni wenzake wanamwita Mama Kifuniko, na wala hanuni. Ana miaka arobaini na miwili, na kumi na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye pampu. Kwa zamu moja hujaza magari mia na thelathini hivi, na hakuna hata moja linalopata tone kabla hajasoma kifuniko. Wenzake humtania kwamba hata mumewe, kabla ya kuandaliwa chakula, hukaguliwa kwanza.

Leo lakini si siku ya utani. Ndani ya kitabu cha malalamiko jina lake limeshaandikwa mara mbili mwezi huu, na meneja amemwambia kavukavu kwamba lalamiko la tatu litakwenda kwa tajiri mwenye kituo. Tajiri huyo hana historia ya kusamehe. Mshahara wa pampu ndio unaosomesha watoto wawili na kulipia vyumba viwili vya kupanga, kwa hiyo mteja mmoja tu akinuna leo, kibarua kimeota nyasi.

Na malalamiko yenyewe, ukiyasikia, utacheka au utalia. La kwanza ni la bwana mmoja aliyeshuka kutoka barabara ya milimani akiwa mbio, gari lake la turbo likifukuta joto. Mama Kifuniko alimwelekeza asimame kwanza kule kwenye mpira wa kujazia matairi upepo, mbali na pampu, aiache injini iungurume polepole dakika mbili ndipo azime. Bwana yule akaona anachezewa akili.

"Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu, na oili ndiyo inayoipoza," anaeleza. "Ukizima ghafla ikiwa ya moto, oili inasimama na kuungulia humohumo ndani. Na kwenye pampu siwezi kumruhusu mtu akae na injini inayowaka, tutalipuka wote. Sasa nifanyeje?"

La pili ni la mama mmoja aliyetaka petroli wakati lori la mafuta limetoka tu kumimina mzigo kwenye matangi ya ardhini. Alimshauri arudi baada ya nusu saa, machicha yaliyotibuliwa chini yatulie kwanza. Meneja aliposikia kwamba mteja mwenye pesa mkononi ameambiwa arudi baadaye, nusura azimie.

Haya yote hakuyasomea popote. Aliyaokota kwa mafundi, dereva mmoja hapa, mwingine pale, na lililomkaa zaidi alijifunza kwa uchungu.

Miaka mitatu iliyopita mume wa mdogo wake alinunua gari dogo lililokwisha kutumika ili alifanyie teksi. Alikuwa amejinyima miaka mitano. Siku ya kwanza kabisa alilileta kwenye pampu ya shemeji yake, na mdogo mtu amekaa kiti cha mbele anachekacheka. Nyuma limeandikwa TURBO. Wakati huo kila turbo aliyoijua Mama Kifuniko, mapikapu na magari makubwa ya safari, ilikuwa ya dizeli. Hakuuliza. Alimjazia dizeli tangi zima, kwa mbwembwe, na kioo akamfutia.

Gari lilikuwa la petroli. Liliishia kwenye mzunguko wa barabara likitoa moshi mweupe, na shemeji, akidhani limekosa nguvu tu, aliendelea kulikanyagia mafuta hadi likafa. Fundi alianza na plagi, akaja kwenye mfumo wa mafuta, akamalizia kwa turbo yenyewe. Mama Kifuniko alikatwa mshahara miezi saba na teksi ile haikuwahi kubeba abiria.

"Angenitukana ningepumua," anasema. "Aliniambia tu, 'Shemeji, si ulikuwa hujui.' Ndilo lililonimaliza. Kwa sababu kweli nilikuwa sijui, na bomba nilikuwa nimelishika mimi."

Tangu siku hiyo herufi za nyuma ya gari hazimdanganyi. Anasema turbo ni pampu ya kushindilia hewa tu, inaweza kufungwa kwenye injini ya dizeli au ya petroli. Ikiwa ya petroli, basi mwenye gari aangalie kifuniko kinataka petroli ya namba gani, maana wengi huweka ya bei rahisi, ikawaka kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga, na kile walichookoa kwenye lita wakakipeleka kwa fundi mara kumi.

Pampu namba tatu, dakika ya sita. Honi zimeanza nyuma. Dereva ameshuka, jasho linamtiririka, anasema bosi wake anamsubiri na turbo zote duniani ni dizeli. Meneja anatoka ofisini, kitabu cha malalamiko kwapani.

Anauliza kuna nini, anaelezwa, na hamwachi mhudumu amalize. Anamwamuru ajaze dizeli kama mteja alivyosema.

"Sawa, bosi," anajibu Mama Kifuniko, na kumnyooshea bomba. "Jaza wewe."

Meneja ananyoosha mkono. Mkono unafika nusu ya njia na kusita. Anaziangalia zile herufi za TURBO, anaiangalia ile rangi mpya pale panapobandikwa kikaratasi. Mtu wa gari la nyuma anaacha kupiga honi. Kisha meneja anaurudisha mkono mfukoni na kumgeukia dereva: hebu washa swichi basi, tumalize.

Swichi inawashwa. Mama Kifuniko anaingiza kichwa dirishani. Kwenye injini za petroli alizozizoea, mstari mwekundu wa saa ile, unaoonyesha kikomo cha kasi ya injini, huanzia namba sita au juu yake. Huu unaanzia nne na nusu.

Ni dizeli. Dereva alikuwa amesema kweli.

"Si nilikwambia?" anasema dereva, na watu wawili kwenye foleni wanacheka.

Mama Kifuniko hajitetei. Anajaza lita arobaini na tano, bomba linajifunga lenyewe tangi likijaa, dereva anataka aongeze kidogo na yeye anakataa, maana tangi linahitaji nafasi ya mvuke. Wakati anafunga kifuniko anamuuliza kwa sauti ya chini, bila ukali, gari hilo analiendesha tangu lini.

"Juzi," anajibu dereva.

"Na ingekuwa petroli, bosi wako angemfukuza nani?"

Meneja anamkabidhi dereva kitabu cha malalamiko na kalamu. Mama Kifuniko anaangalia pembeni, vidole vimekaza kitambaa cha kufutia mikono. Anaogopa, na hafichi. Dereva anaandika, anasita, anaandika tena, anaondoka bila kuaga.

Mistari miwili. Wa kwanza: *Nimecheleweshwa dakika kumi na moja.* Wa pili: *Dizeli nilikuwa nabahatisha, nilisoma TURBO tu.*

Kwa meneja, mstari wa kwanza unatosha. Hilo ni lalamiko la tatu, na tajiri anakuja Ijumaa.

Jioni, akibadilisha sare, Mama Kifuniko anaulizwa na mwenzake kama leo hakukosea. Anakataa katakata: kesho gari lilelile likija na mtu mwingine usukani, atalisimamisha vilevile.

"Ijumaa nitakwenda, sitajificha," anasema. "Ombi langu ni moja. Kabla tajiri hajanifukuza, awaite wahudumu wote, na ule mstari wa pili ausome kwa sauti."